Ndege wa Shaba Mbele ya Forodha
Mhadhara uliosomwa London



Mnamo mwaka 1938, bibi mmoja wa Kimarekani jina lake Peggy Guggenheim, ambaye mwezi wa Januari wa mwaka huo alikuwa amefungua nyumba ya maonyesho nambari 30 katika mtaa wa Cork Street, katika jiji hili hili, aliagiza kutoka Ufaransa sanamu za mafundi wa mtindo mpya, wakiwamo Constantin Brancusi, Jean Arp na Antoine Pevsner, akaona kwamba baina ya bahari na mlango wa nyumba yake amesimama mtu wa forodha. Kanuni za wakati ule zilisema kuwa sanamu ikiwa ni kazi ya sanaa huingia Uingereza pasipo ushuru, na ikiwa si sanaa huhesabiwa kuwa ni jiwe, au mti, au madini, na kutozwa kwa mujibu wake. Na asili ya kanuni hizo, kwa masimulizi ya bibi mwenyewe, haikuwa uadui juu ya wachongaji wa Paris, bali himaya kwa mafundi wa Kiingereza waliohofia kwamba mawe ya makaburi yaliyochongwa ng'ambo kwa ujira mdogo yangewaharibia riziki. Mwenye kutoa fatwa katika jambo hilo alikuwa mkurugenzi wa jumba la Tate, J. B. Manson, naye alipoulizwa habari za kazi zile, mojawapo ikiwa ni yai la marimari ambalo Brancusi aliliita Sanamu kwa Ajili ya Vipofu, alikataa katakata kuzishuhudia kuwa ni sanaa. Wahakiki wakatia saini zao, magazeti yakapiga kelele, maneno yakafika hata Bungeni, na mwishowe sanamu zikaingia; naye Manson kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuondoka katika cheo chake, ingawa hiyo haikuwa sababu pekee. Jumba lile lile ambalo alikuwa bawabu wake likamnunua, mwaka 1973, ndege wa shaba wa fundi yule yule, Maiastra, aliyesubiwa mwaka 1911.

Sikusudii kumfanyia mzaha marehemu Manson. Wanaomcheka ni wengi, na kicheko cha watu waliochelewa kuzaliwa ni kicheko rahisi. Ninachotaka kukitazama pamoja nanyi jioni hii ni ule uso wa shaba yenyewe, uliokatuliwa hata ukawa kioo, kwa kuwa naona ya kwamba wengi wetu hupita mbele yake tukidhani mng'aro ule ni pambo lililotiwa juu ya kazi iliyokwisha malizika, kama udi unavyofukizwa katika nguo iliyokwisha shonwa, hali mimi nadai kwamba mng'aro ule ndio kazi, na kwamba umbo lote limepunguzwa, likapunguzwa tena, ili lipate kuustahili.

Brancusi alizaliwa mwaka 1876 katika kijiji cha Hobița, chini ya milima ya Carpathian katika nchi ya Romania, mwana wa wakulima, katika watu ambao nguzo ya nyumba, lango na kijiko vyote vilichongwa kwa mti na kwa mkono. Alisoma kwanza katika skuli ya kazi za mikono ya Craiova, kisha katika skuli ya sanaa ya Bucharest, na mwaka 1904 akafika Paris. Na mwaka 1907 akaingia kwa muda mfupi katika karakana ya Auguste Rodin, ambaye hapana mchongaji wa zama zile aliyekuwa na jina kubwa kuliko lake, akatoka kwa hiari yake, akiona kuwa mche hauwezi kukua chini ya kivuli cha mti mkubwa kama ule. Tofauti ya watu hawa wawili inaonekana dhahiri katika nyuso za shaba zao. Rodin aliufinyanga udongo, na shaba iliposubiwa ikahifadhi alama za vidole vyake, mabonde na vilima ambavyo nuru hupanda na kushuka ndani yake, rangi ikiwa ya giza, ya kahawia au ya kijani, ambayo wafua madini huipata kwa kuichoma shaba na dawa. Ukiitazama sanamu ya Rodin unaona mkono wa mtu uliopita hapa. Ukimtazama ndege wa Brancusi huoni mkono wa mtu yeyote, na hapo ndipo penye hila, kwa sababu mkono uliopita juu ya ndege yule ulifanya kazi mara nyingi zaidi kuliko wa Rodin, ukizifuta alama zake mwenyewe moja baada ya moja.

Huyo Maiastra wa Tate hafikii hata mita moja kwa urefu, pamoja na kitako chake cha mawe ya chokaa. Kifua kimefura, shingo imeinuka na kupinda kidogo, mdomo umeachama kama wa ndege aliye katikati ya wimbo, na chini mwili unakusanyika ukawa mwembamba, pasipo miguu wala kucha, wala unyoya hata mmoja. Katika ngano za Kiromania Maiastra ni ndege wa dhahabu, mwenye kubashiri mambo yajayo na kuwaponya vipofu. Na msikilizaji aliyekulia katika hadithi za Sindbadi na majini hatashangaa hata kidogo kwamba ndege wa namna hiyo asiwe na kucha. Mnunuzi wake wa kwanza alikuwa mpiga picha Edward Steichen, aliyemsimamisha juu ya nguzo katika bustani yake huko Voulangis, Ufaransa. Lishikeni jina hilo la Steichen, maana tutakutana nalo tena mbele ya mahakama.

Kutoka kwa Maiastra fundi hakuacha kumfuata ndege huyo kwa muda wa miaka karibu thelathini. Kwanza mdomo ukafungwa, kisha shingo na kifua vikaungana, kisha, tangu mwaka 1923, akatokea yule aitwaye Ndege Angani, ambaye hana tena kichwa wala kifua, ila mstari mmoja uliotuna katikati na kukatwa mshazari juu. Naye alirudiwa mara kumi na sita, saba kwa marimari na tisa kwa shaba, kila mmoja akitofautiana na mwenziwe kwa kadiri ndogo mno. Watu wasemao kwamba sanaa ya kileo ni kazi ya haraka, ya mtu asiyejua kuchora unyoya, wangepaswa kuulizwa kama wao wangeweza kukaa na mstari mmoja muda wote huo.

Sasa natutazame jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa maana hapa tuna ushahidi wa Brancusi mwenyewe, alioutoa kwa kiapo. Alieleza kwamba umbo alilitunga yeye, akalitengeneza kwa plasta, akampelekea msubu shaba pamoja na kiasi cha madini yatakayochanganywa. Na kitu kilichomrudia kutoka katika kalibu kilikuwa kigumu cha uso, chenye matundu ya hewa na makosa, ambayo ilimlazimu kuyaziba na kuyasahihisha. Kisha akaanza kukikatua kwa tupa na kwa msasa mwembamba sana, kwa mikono yake, kwa muda mrefu, kazi ambayo kwa maneno yake ilikuwa sawa na kuianza sanamu upya, wala hakumruhusu mtu mwingine kuimalizia. Fikirini maana yake. Tupa ikizidi upande mmoja hata kwa unene wa ukucha, mstari unavunjika. Na katika shaba isiyokatuliwa kosa hilo lisingeonekana na mtu, bali katika shaba iliyo kioo nuru hulifichua papo hapo, ikapinda mahali isipopaswa kupinda. Mchongaji aliyeacha unyoya, na jicho, na ukucha, ameacha pia mahali pote pa kujificha. Ndiyo maana nasema umbo lile tupu na mng'aro ule ni amri moja: ondoa mng'aro ubakiwe na kigongo cha shaba, ama ongeza manyoya uharibu mng'aro.

Na shaba, kwa tabia yake, haitaki kung'aa. Mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, ukiachwa hewani, hufanya weusi, na ukinyeshewa hutoa kutu ya kijani. Na katika jiji hili, ambalo kwa zaidi ya karne nzima lilipumua moshi wa makaa ya mawe uliojaa kiberiti, masanamu yake yote ya shaba yalivaa koti jeusi, mpaka mgeni akadhani kwamba waliyaumba hivyo makusudi. Tazameni wale simba wanne wa uwanja wa Trafalgar, waliowekwa mwaka 1867: weusi wao ni sehemu ya haiba yao. Lakini palipo na mikono ya watu mambo hubadilika. Katika ukumbi wa wabunge huko Westminster ipo sanamu ya Winston Churchill, kazi ya Oscar Nemon, ambayo wabunge wamezoea kuigusa mguu wakiingia kuhutubia, kwa kutafuta bahati, hata mguu ule ukawa unang'aa kwa rangi ya dhahabu huku mwili mzima ukiwa wa giza, na wasimamizi wakalazimika kuwasihi waheshimiwa wapunguze mapenzi yao. Huo nao ni ukatuaji, ila ni wa watu wengi wasiokusudia. Wa Brancusi ni wa mtu mmoja aliyekusudia, na uliogombana na hewa yenyewe.

Matokeo yake ni jambo ambalo picha ya kitabuni haiwezi kulieleza, ijapokuwa Brancusi mwenyewe, aliyesaidiwa na mpiga picha Man Ray kupata vyombo vya kupigia picha na kujifunza kuvitumia, alizipiga sanamu zake akiuacha mwali wa nuru ulipuke juu ya shaba hata ukalila nusu ya umbo, kana kwamba anatuambia kuwa hilo lililoliwa ndilo alilolitaka. Simameni mbele ya shaba yake: hamtaiona shaba kwanza, mtajiona ninyi, mmerefushwa au mmefinywa, na nyuma yenu dirisha, na mtu aliyevaa koti jekundu akipita, na askari wa jumba ameketi kitini amechoka. Uzito wote wa madini umetoweka. Mahali pake pamekuwa na chumba kizima kilichopindwa katika mstari wa ndege. Katika kazi yake iitwayo Samaki, ya mwaka 1926, ambayo Tate pia wanayo, kipande cha shaba kilicholala ubavu kimewekwa juu ya sahani ya madini iliyokatuliwa, na sahani hiyo, kwa kurudisha kivuli cha kilicho juu yake, inafanya kazi ya maji. Hakuna maji, hakuna magamba, wala mapezi. Ila pana mwendo, kwa sababu mtazamaji akisogea hatua moja kila kivuli ndani ya sanamu nacho husogea. Ndiyo maana nahisi kwamba kumwita Brancusi mtu wa maumbo makavu ya akili, kama afanyavyo mhakiki mmoja baada ya mwingine, ni kumdhulumu. Maumbo makavu hayamchukui askari aliyechoka kitini na kumtia katika kifua cha ndege.

Nimesema tutarejea kwa Steichen. Mwaka 1926 msanii Marcel Duchamp alivuka Atlantiki na sanamu zipatazo ishirini za Brancusi, kwa maonyesho ya New York, na miongoni mwake alikuwamo Ndege Angani mmoja wa shaba ambaye tayari alikuwa mali ya Steichen. Watu wa forodha ya Marekani wakamtazama, wakatafuta katika daftari zao, wakamtia katika fungu la vyombo vya mezani, vya jikoni na vya hospitali, na kumtoza ushuru wa asilimia 40 ya thamani yake. Wengi wameisimulia hadithi hii ili watu wacheke. Mimi naona kwamba mkaguzi yule, pasipo kujua, alisema neno la kweli: aliona kitu cha madini, kimekatuliwa kwa uangalifu mkubwa, na katika maisha yake yote alikuwa ameviona vitu vya namna hiyo jikoni na katika chumba cha mganga tu, kwa sababu katika nyumba ya sanaa aliyoijua yeye shaba ilikuwa na haki ya kuwa nyeusi. Brancusi alikuwa amevichukulia vyombo heshima yao, akampa ndege.

Ushuru ule ukapingwa mahakamani, na kesi ikasikizwa kuanzia Oktoba 1927. Upande wa Brancusi alisimama mchongaji Jacob Epstein, mkazi wa London, ambaye miaka miwili tu kabla alikuwa ametukanwa na magazeti ya hapa kwa ajili ya sanamu yake ya Rima katika Hyde Park, na kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo haya; naye alikuja mahakamani na mwewe wa jiwe wa Misri ya kale, ili majaji wajionee kuwa maelfu ya miaka kabla ya Brancusi palikuwa na watu waliouacha unyoya wakabaki na ndege. Jaji mmoja alimwuliza Steichen kama angemkuta kiumbe yule porini angempiga risasi, na Steichen akajibu kwa uungwana kwamba asingempiga. Sheria ilitaka mambo matatu: kazi iwe ya asili na si nakala, iwe ya mchongaji wa kweli, na isiwe na matumizi. Hapo ndipo ule ushahidi wa tupa na msasa ulipopata uzito, maana kama Brancusi angekuwa amempelekea msubu shaba mchoro tu, akapokea kitu kilichong'arishwa kwa mashine, ndege yule angekuwa bidhaa. Ilikuwa ni ile kazi ya kukatua kwa mkono iliyothibitisha kwamba ndege ana fundi wake mwenyewe. Tarehe 26 Novemba 1928 mahakama ikahukumu kuwa kitu kile ni kizuri kwa umbo, kwamba ingawa kumtambua ndege ndani yake ni shida, imekwisha zuka madhehebu mpya ya wasanii wanaojaribu kuonyesha fikra badala ya kuiga vitu, na kwamba ndege aingie bila ushuru. Miaka kumi baadaye, kama nilivyotangulia kueleza, London ikafanya kana kwamba haikusikia.

Ningependa hapa kuuliza kama swali lenyewe, sanaa au chombo, lina haki ya kuulizwa na watu wa pwani yetu. Kila aliyekulia Mombasa au Unguja amemwona mama akikatua sinia na dele la kahawa kwa majivu na ndimu, wakati wa kukaribia Idi, mpaka nyuso za watoto zikaonekana ndani yake. Na hakuna aliyedhani kwamba kule kung'aa kulikuwa kwa ajili ya kahawa. Na tukipanda daraja, ile siwa ya shaba ya Lamu, ndugu ya siwa ya pembe ya Pate, ilisubiwa kwa ufundi wa nta, ikanakishiwa, nayo ilikuwa na matumizi makubwa, maana ililia katika arusi za waungwana na katika mambo ya utawala. Lakini apimaye siwa kwa sauti yake peke yake hajaiona. Wazee wetu hawakuwa na neno la kumtetea mtu wa forodha wala la kumtetea Epstein. Wangemwuliza Brancusi swali lingine kabisa, nalo ni gumu zaidi: ndege huyu atatoka siku gani, na katika shughuli ya nani? Sidhani kama alikuwa na jawabu. Alijaribu kulipata: miaka ya 1930 mtawala wa Indore katika Bara Hindi alimwomba hekalu la tafakuri litakalokuwa na ndege watatu, mmoja wa shaba, mmoja wa marimari nyeupe na mmoja wa nyeusi, na Brancusi akasafiri hadi kule, lakini hekalu halikujengwa, na ndege wakabaki bila shughuli, wageni wa majumba ya makumbusho.

Kwa sababu hiyo naona kuwa mtu aliyeufikisha mjadala huu mbele zaidi, katika nchi hii, ni binti wa Nairobi, Dame Magdalene Odundo, aliyezaliwa mwaka 1950, akaja Uingereza mwaka 1971, akapitia mikononi mwa wafinyanzi wa Abuja huko Nigeria, kisha Royal College of Art hapa London. Yeye hakugusa shaba kwa ajili ya sifa aliyonayo, aligusa udongo. Huujenga mtungi kwa kuzungusha kamba za udongo bila gurudumu, huuparuza hata kuta zikawa nyembamba, huupaka tope laini na kuukatua kwa mkono, bila rangi ya kioo, kisha huuchoma; na moto wenye hewa huutoa mwekundu kama machungwa yaliyoiva, na moto ulionyimwa hewa huutoa mweusi unaong'aa. Brancusi aliumba kitu kisicho chombo, forodha ikakiita chombo. Odundo huumba chombo hasa, chenye tumbo na shingo na mdomo, lakini hakuna atakayethubutu kukitilia maji, nacho kinakaa British Museum. Wote wawili wamesimama katika mpaka ule ule, kila mmoja akitokea upande wake, na pasi ya kuvukia, kwa wote wawili, ni uso uliokatuliwa kwa subira.

Limebaki jambo moja ambalo wahifadhi wa majumba hujadiliana juu yake kwa sauti ya chini. Shaba ya Brancusi haikomi kufifia. Alama ya kidole cha mtazamaji mmoja mtovu wa adabu, kwa chumvi ya jasho lake, yaweza kula uso kwa miaka. Na kila mara unapokatuliwa upya, chembe za shaba alizozipima fundi huondoka na kitambaa. Yeye alifariki Paris tarehe 16 Machi 1957, naye alikuwa amekataza mkono mwingine kuimaliza kazi yake. Baadhi ya wahifadhi husema basi tuuache uso ulipofikia, uzeeke kwa heshima. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao: ndege aliyefifia amekuwa kazi ya Rodin kwa njia ya uzembe, na huyo si Brancusi. Wengine husema na ukatuliwe, lakini kwa nadra, na kwa mkono uliofundishwa, na kila mara iandikwe tarehe na jina la aliyeshika kitambaa. Hili naliona kuwa la haki zaidi, ijapokuwa baada ya miaka mia mbili huenda tukawa na ndege mwembamba kidogo kuliko yule aliyetoka Paris. Na nakala nyingine zilizosubiwa baada ya kufa kwake, kwa ridhaa ya warithi wake, ambazo tupa yake haikuzigusa kamwe, ningetaka zitengwe na zile alizozimaliza mwenyewe, na mahali pa kuanzia ni vibandiko vya majumba, ambavyo vingeandikwa waziwazi ni mkono wa nani uliozikatua.